Mashine ya kukausha nguo isiyosimama: kabla ya kukata waya, tazama kuran

Mvua inapoanza Lubumbashi mwezi wa Novemba, kamba ya nguo ndani ya parseli inakuwa kazi ya siku nzima. Mama anaanika asubuhi, anaanua saa tano kwa sababu wingu limefunga, anaanika tena saa nane, na jioni shati za shule zingali mbichi. Siku ya pili zinaanza kunuka. Basi mwenye uwezo kidogo, awe anakaa katikati ya mji au kule kwenye njia ya Kasenga, anatafuta mashine ya kukausha nguo. Mpya ni ghali, kwa hiyo ananunua ya okazyo, iliyofanya kazi miaka 10 katika nyumba ya Ulaya kabla ya kupakiwa ndani ya kontena. Kitabu chake hakipo. Maandishi kwenye vifungo ni ya Kijerumani au Kiflama.

Wiki mbili zinapita na malalamiko yanaanza: mashine haitaki kusimama. Imewekwa saa mbili usiku, saa tano ingali inazunguka, na alfajiri mtu akiamka kuzima taa anaikuta bado inanguruma. Anaitwa fundi wa kuran. Fundi anafungua mgongo wa mashine, anatazama waya, anakata hapa, anaunga pale, anapokea pesa yake na kwenda. Siku hiyo mashine inasimama, au haisimami, lakini kitu kimoja ni hakika: mashine iliyobaki si ile iliyotoka kiwandani.

Hapo ndipo penye hatari. Mara nyingi mashine isiyosimama si mgonjwa. Inangoja kitu ambacho nyumba haikuipa, nacho ni kuran ya kutosha au hewa ya kutosha. Dawa inayotolewa kwa haraka, ile ya kuunga waya moja kwa moja, inaweza kuchoma nyumba.

Ili kuelewa, lazima kujua mashine inatumia akili gani kujua kwamba nguo zimekauka. Watu wa Kasenga, kule mtoni Luapula, kilomita kama 200 kutoka Lubumbashi, wamekausha samaki muda mrefu kabla ya mashine hizi kufika. Mama anayekausha samaki hatazami saa. Anamshika, anamgeuza, anambonyeza karibu na mgongo ambapo maji yanajificha, na mkono unamwambia kama bado au tayari. Akimtoa mapema, samaki anaoza njiani kabla ya kufika sokoni. Akimwacha mno, anavunjika kama biskuti. Mashine ya nguo haina mkono. Wale walioitengeneza waliitafutia njia tatu za kushika nguo, na kila njia inadanganyika kwa namna yake.

Njia ya kwanza ni saa tupu. Mtu anazungusha kifungo mpaka dakika 60, kimota kidogo kinarudisha kifungo polepole, na kikifika sifuri mashine inazima. Hapa hakuna akili nyingi. Ikiwa kifungo hakirudi, kimota kimekufa au meno yake yamevunjika. Ikiwa kinarudi mpaka sifuri na mashine bado inazunguka, basi vyuma vya ndani vinavyokutana ili kupitisha kuran vimeshikana kwa joto. Katika hali zote mbili kipande hicho kinabadilishwa. Hakitengenezwi kwa kisu.

Njia ya pili inawachanganya watu wengi, hata mafundi. Mashine nyingi za zamani zenye alama ya «otomatiki» zina saa ambayo haitembei wakati wote. Inatembea tu wakati kidhibiti-joto kimekata moto. Mashine inapasha hewa moto, joto likifika kiwango chake moto unakatika, na katika dakika hizo za kupumzika ndipo saa inasogea kidogo. Nguo zikiwa mbichi sana, maji yanakula joto na moto haukatiki haraka, kwa hiyo saa inangoja. Nguo zikianza kukauka, joto linapanda upesi, moto unakatika mara nyingi, saa inakimbia kuelekea mwisho. Ni ujanja mzuri. Lakini unategemea jambo moja: joto lazima lifike.

Lisipofika, saa haisogei kamwe, na mashine inaweza kuzunguka mpaka kesho kutwa.

Joto linakosa kufika kwa sababu mbili za kawaida. Ya kwanza, waya wa moto wa ndani umekatika, na mashine inazungusha nguo katika hewa ya baridi. Hilo linajulikana kwa kufungua mlango baada ya dakika 15 na kugusa nguo: ikiwa ni za baridi kama zilivyoingia, jibu limepatikana. Sababu ya pili ni ya hapa hapa mjini, na hakuna kitabu cha kiwanda cha Ujerumani kinachoieleza vizuri. Ni kuran ya chini.

Mashine ya Ulaya imetengenezwa kwa volti 220 au 230. Sasa, nani Lubumbashi hajaona balbu ikiwa nyekundu kama makala yanayozimika saa moja ya jioni, wakati kila parseli imewasha resho yake kupika bukari? Kuran ikishuka mpaka volti 160, watu wanafikiri mashine inapoteza robo ya nguvu yake. Sivyo. Nguvu ya waya wa moto inashuka kwa mraba: volti zikipungua robo, moto unapungua karibu nusu. Mashine ya wati 2,500 inabaki na wati kama 1,300. Huo ni moto wa kupashia chai. Kilo 5 za nguo mbichi zitakunywa joto hilo lote, kidhibiti-joto hakitakata, saa haitasogea, na mwenye nyumba atasema amelogwa.

Kuna jaribio rahisi ambalo fundi mwaminifu angefanya kabla ya kutoa bisibisi. Mashine iwekwe kwenye mpango wa dakika, siyo ule wa otomatiki, bila nguo nyingi, dakika 20. Ikisimama yenyewe baada ya dakika 20, saa ni nzima na vyuma vyake ni vizima, kosa liko kwenye joto. Kisha apime volti kwenye prizi wakati mashine inafanya kazi, siyo wakati imezimwa, kwa sababu prizi isiyo na mzigo inaweza kuonyesha 200 na kuanguka mpaka 150 mara mashine inapoanza kuvuta. Kipimo cha volti si chombo cha ajabu. Fundi asiye nacho anabahatisha, na mwenye mashine anamlipa kwa kubahatisha.

Wengine wanajibu kwamba watanunua stabilizateri. Sawa, lakini ile ndogo ya televizyo haiwezi. Mashine inayovuta wati 2,500 inaomba kifaa kikubwa kuliko hapo, na kifaa hicho pengine kitagharimu kuliko mashine yenyewe. Wenye hekima wanafanya jambo la bure: wanakausha saa nne ya asubuhi au usiku wa manane, wakati kartye imelala na kuran imepanda.

Njia ya tatu ni ya mashine za karibuni. Ndani ya pipa kuna vipande viwili vya chuma king'aavyo, virefu kama kidole. Nguo mbichi ikivigusa vyote viwili, kuran ndogo sana inapita kutoka kimoja mpaka kingine kupitia maji ya nguo. Nguo ikikauka, haipiti tena, na ubongo wa mashine unajua kazi imekwisha. Vipande hivi vikifunikwa na utando wa dawa ya kulainisha nguo, mashine inadanganyika upande mwingine, inasimama mapema nguo zikiwa bado mbichi. Lakini manyoya ya nguo yenye unyevu yakijibana kati ya vipande, au waya wao nyuma ukigusana, mashine inaamini kuna maji milele na haisimami. Dawa ni kitambaa chenye siki kidogo, na kufuta. Kazi ya dakika 2.

Ubongo huo nao hauponi delestaje. Kuran ikikatika na kurudi kwa kishindo mara tatu kwa siku, vipande vidogo vya elektroniki vinaungua. Kati yavyo kuna swichi ndogo zinazowasha mota. Swichi hiyo ikishikana kwa joto, ubongo unasema «simama» na mota haisikii. Alama yake ni ya kutisha kidogo: mtu anafungua mlango na pipa linaendelea kuzunguka. Mashine nzima haifanyi hivyo. Pipa likizunguka mlango ukiwa wazi, hakuna jaribio lingine la kufanya. Prizi ichomolewe na mashine isiguswe mpaka fundi anayejua afike. Mtoto akiingiza mkono humo, ni hospitali.

Upande mwingine kuna kosa ambalo si kosa. Mashine nyingi za Ulaya, zikimaliza kazi, zinaendelea kuzungusha pipa kidogo kidogo, dakika moja kisha kimya, kisha tena, muda wa nusu saa au zaidi, bila moto, ili nguo zisikunjamane. Kwenye kifungo imeandikwa kwa Kijerumani «Knitterschutz», kwa Kifaransa «anti-froissage». Ni mara ngapi mashine nzima imefunguliwa na kukatwa waya kwa sababu hakuna aliyesoma neno hilo? Anayeuza vyombo vya okazyo angeweza kubandika karatasi ndogo ya Kiswahili juu ya kifungo. Ingemgharimu franka chache na kumwondolea wateja wenye hasira.

Na kuna mashine zilizotoka Marekani, zinazokuja na ndugu wa ng'ambo wanaotuma kontena kwa familia. Kule kuran inapiga mara 60 kwa sekunde, hapa mara 50. Saa ya mashine yenye kimota kinachofuata mapigo hayo itachelewa: dakika 60 zinakuwa 72. Siyo uchawi, ni hesabu. Jenereta ndogo inayochoka kwa mzigo inafanya vilevile, mapigo yanashuka na saa inalala.

Baada ya kuran, hewa. Mashine ya kukausha haiondoi maji kwa moto tu. Hewa ya moto inabeba maji kutoka kwenye nguo, na hewa hiyo lazima itoke au ipozwe. Mashine yenye bomba inatupa hewa nje. Isiyo na bomba inapoza hewa ndani na kukusanya maji kwenye tangi dogo. Sasa ikiwa bomba limekunjwa nyuma ya mashine kwa sababu chumba ni kidogo, au kichujio kimejaa manyoya, au mashine imefungiwa katika depo isiyo na dirisha, hewa ile ile yenye mvuke inazunguka kama watu ndani ya taksi-basi iliyofunga madirisha wakati wa mvua. Nguo hazikauki, mashine haisimami. Zile zenye tangi zina sehemu ya chini, nyuma ya kifuniko kidogo, ambapo hewa inapozwa. Wengi hawajui kwamba ipo. Katika mji wenye vumbi jekundu kama Lubumbashi kuanzia mwezi wa Mei mpaka Septemba, vumbi linachanganyika na manyoya na kuwa kama tope. Kuiosha kwa maji mara moja kwa mwezi kungeponya mashine nyingi kuliko mafundi wote wa mji.

Manyoya haya si jambo la kuchekwa. Katika Marekani, idara ya serikali inayohusika na moto ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010, mashine za kukausha nguo zilisababisha mioto karibu 2,900 ya nyumba kila mwaka, na sababu ya kwanza ilikuwa kutosafisha. Manyoya makavu yanashika moto kama pamba. Uingereza ilijifunza kwa machungu. Mwezi wa Agosti 2016, mashine ya aina ya Indesit ilishika moto katika ghorofa ya Shepherd's Court, magharibi ya London, na wazimamoto zaidi ya 100 wakaitwa. Ilikuwa moja ya mashine zaidi ya milioni 5 zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015 ambamo manyoya yaliweza kuangukia waya wa moto. Kampuni ya Whirlpool, mwenye chapa hiyo pamoja na Hotpoint na Creda, iliwaambia wateja kwanza kwamba wanaweza kuendelea kutumia mradi mtu awe karibu. Mwezi wa Februari 2017 maneno yakabadilika: wachomoe prizi. Katikati ya 2019 mashine zilizobaki bila kurekebishwa, karibu nusu milioni, zikaitwa zirudishwe. Serikali ya Uingereza yenyewe ilitaja mioto isiyopungua 750 katika miaka 11.

Hapa swali la mtu wa Lubumbashi linakuja lenyewe. Mashine ambayo Mwingereza ameambiwa aitoe nyumbani kwake, nani anahakikisha kwamba haiingii kwenye kontena? Nyuma ya mlango wa kila mashine kuna kibandiko chenye chapa na namba ya modeli. Namba hiyo inaweza kuandikwa kwenye simu na jibu kupatikana kabla ya pesa kutoka mfukoni. Mnunuzi anayeangalia rangi na kugonga bati kwa kidole hajaangalia kitu.

Tena wasiwasi unaongezeka kwa sababu ya desturi ya kuunga waya moja kwa moja. Ndani ya kila mashine kuna kifaa kidogo kama kifungo cha shati, fyuzi ya joto. Joto likipita kiasi, inakatika mara moja na haijiungi tena. Mashine inanyamaza, au inazunguka bila moto. Fundi anaipima, anaona imekatika, na badala ya kuuliza kwa nini imekatika, anaunga waya mbili pamoja. Moto unarudi. Mteja anafurahi, anamwita fundi hodari. Lakini fyuzi ilikatika kwa sababu hewa ilikuwa imeziba, na hewa ingali imeziba. Sasa hakuna tena kitu cha kusimamisha moto. Ikiongezewa kwamba mashine haisimami yenyewe na watu wamelala, hesabu ya kilichobaki haihitaji msomi. Fyuzi mpya ni kitu cha dola chache. Isipopatikana mjini, bora mashine ikae kimya wiki tatu ikingoja.

Kuna jambo lingine ambalo delestaje inaleta na ambalo halisemwi. Mwishoni mwa kila mpango, mashine inazungusha nguo dakika kadhaa bila moto ili zipoe. Watu wanaona kama kupoteza wakati. Sivyo. Nguo zilizorundikana zikiwa za moto zinaendelea kupashana joto katikati ya rundo, hasa vitambaa vya jikoni na nguo za kazi ambazo zimenyonya mafuta na hazikufuliwa vizuri. Katika maduka ya kufulia duniani mioto imeanza hivyo, mashine ikiwa imezimwa tayari. Kuran ikikatika katikati ya kazi, nguo zinabaki ndani zikiwa za moto bila hatua ya kupoza. Mwenye presingi au hoteli ndogo afungue mlango mara moja, atoe nguo, azitandaze. Kuziacha humo kungojea kuran irudi ni kosa, na katika mji huu hakuna anayejua itarudi saa ngapi.

Wapo watakaosema: shida yote hii ya nini? Jua la Katanga ni bure, mashine hizi ziachiwe Wazungu. Maneno hayo yana ukweli wa nusu. Kuanzia Mei mpaka Septemba, hewa ni kavu na kamba inamaliza kazi kwa saa mbili. Kuwasha mashine ya wati 2,500 mwezi wa Julai ni anasa. Lakini anayesema hivyo pengine hajawahi kutoa funza la nzi kwenye mgongo wa mtoto mchanga. Nzi yule anataga mayai yake kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa, hasa kivulini na chini, na mtoto wake anaingia kwenye ngozi. Ndiyo maana bibi zetu walipiga pasi ya makala hata kwenye nepi, mbele na nyuma. Wakati wa mvua, nguo zikikaa nje siku mbili, hatari inaongezeka, na pasi ya makala nayo inakula gunia. Kwa nyumba ya uzazi au mama mwenye mapacha, mashine ya kukausha si fahari. Hoja si kuikataa. Hoja ni kuitumia kwa akili na katika nyumba inayoweza kuibeba.

Na kubeba huko kunahusu majirani pia. Mashine ya wati 2,500 ikifanya kazi saa moja kwa nguvu zake zote inakula umeme ambao balbu ya wati 9 ingetumia saa zaidi ya 270. Ikizunguka usiku kucha bila kusimama, taa za watu wengi zimekwenda. Mwenye kompteri ya kulipia mbele atalisikia kesho yake, yuniti zimekwisha, atakimbia kutafuta dawa. Lakini mwenye kulipa forfe, kiasi kile kile kila mwezi, hasikii kitu. Mashine inaweza kunguruma hata Jumapili nzima, fakture haibadiliki. Anayesikia ni jirani wa mwisho wa waya, ambaye resho yake haichemshi maji, na kabini ya kartye inayobeba mzigo usiopimwa mpaka siku inapolipuka. Hapo kartye nzima inachangishana dola za transformateri, pamoja na mjane mwenye balbu mbili. Haki iko wapi? Forfe inafanya mashine mbovu iwe ya bure kwa mwenyewe na ghali kwa wengine. Kompteri kwa kila nyumba ingetengeneza mashine nyingi bila fundi yeyote kuguswa.

Isisahauliwe pia umeme huu ulijengwa kwa ajili ya nani. Mwadingusha kwenye mto Lufira, iliyoanza 1930, kisha Koni, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, zote zilijengwa kwa ajili ya shaba. Hata ile laini ya kilomita kama 1,700 kutoka Inga, iliyokamilika mwaka 1982, lengo lake lilikuwa migodi ya Kolwezi. Nyumba za watu zimekaa mwisho wa waya tangu mwanzo. Mji umekua, migodi imeongezeka, na volti 160 za saa moja jioni ni matokeo ya historia hiyo kama vile ni matokeo ya resho za majirani. Basi mashine iliyochorwa kwa nyumba ya Stuttgart inaposhindwa kusimama Lubumbashi, inasema ukweli kuhusu mji kuliko ripoti nyingi.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kungoja bwawa lingine. OCC, ofisi ya serikali yenye kazi ya kupima bidhaa zinazoingia nchini, ingeweza kudai orodha ya namba za modeli kwa kila kontena la vyombo vya umeme vilivyotumika na kuilinganisha na orodha za mashine zilizoitwa kurudishwa Ulaya. Orodha hizo ziko wazi kwa kila mtu. INPP, inayofundisha ufundi, ingeweza kutoa mafunzo ya wiki mbili tu kwa mafundi wa kartye juu ya vyombo vya nyumbani: kupima volti chini ya mzigo, kutambua fyuzi ya joto, na kukataa kuiruka. Vijana hawa si wajinga. Wanatengeneza simu kwa sindano na mwanga wa tochi. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba kifaa kile kidogo kama kifungo cha shati kiliwekwa kwa sababu.

Na muuzaji, je? Desturi ya depo nyingi ni kuwasha mashine sekunde 10 mbele ya mteja, pipa likizunguka pesa inapokelewa. Sekunde 10 hazionyeshi kitu. Mteja ana haki ya kuja na taulo mbili mbichi, kuziweka ndani, kuchagua dakika 20, na kukaa kwenye kiti mpaka mashine isimame yenyewe mbele yake, taulo zikiwa za moto. Muuzaji akikataa kwa kisingizio cha kuran, basi mteja arudi siku kuran ipo, pesa yake ikiwa bado mfukoni.